Muulize Mama Mtungi: Ukitoka kuzamia Mafia, usikimbilie ndege ya Mwanza

Mama Mtungi alipika, na baadaye akazamia, kwenye boti za kulala za pwani kwa miaka kumi na mmoja. Siku hizi anauza gesi Kirumba, Mwanza. Wateja wake wanadhani jina limetokana na gesi, naye hajawahi kuwasahihisha.

Shikamoo Mama Mtungi. Mimi ni nesi, naishi Bwiru, nina miaka 38. Mwaka jana nilisoma kozi ya kwanza ya kuzamia kule Nungwi nikapata cheti, ila nimezamia mara sita tu. Sasa kaka yangu wa Dar amenilipia safari ya mwezi wa kumi na moja, usiku sita kwenye boti ya kulala humohumo, kuanzia Pemba, Unguja, hadi Mafia. Mimi sijawahi kulala majini zaidi ya meli ya Bukoba. Siku zinakwendaje humo? Niangalie nini? Ratiba yangu ni hii: Jumamosi asubuhi tunazamia mara ya mwisho Mafia, mchana napanda ndege ndogo hadi Dar, jioni ndege ya Mwanza, Jumapili saa moja naingia zamu. — Nesi wa Bwiru

Marahaba mwanangu. Naanza na ratiba yako maana ndiyo iliyofanya chai yangu ipoe. Ibadilishe. Omba zamu ya Jumanne, badilishana na mwenzako, mnunulie kitenge, fanya utakavyo, lakini Jumamosi hiyo usipande ndege yoyote, hata ile ndogo ya Mafia.

Wewe ni nesi, utanielewa upesi. Hewa tunayovuta, karibu sehemu nne kati ya tano ni nitrojeni. Huku juu inaingia na kutoka haina shughuli. Ukishuka majini, kila mita kumi za bahari zinaongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya kichwa chako ukiwa ufukweni, na ile nitrojeni inajipenyeza kwenye damu, mafuta na maungio. Ukipanda polepole inatoka kwa pumzi. Ukipanda mbio, au ukipelekwa angani kabla haijaisha, inafanya kama togwa iliyofungwa kwenye chupa ikakaa juani: siku ya kufungua kizibo unaijua mwenyewe. Na wewe hutazamia mara moja. Kwenye boti ya kulala ni mara tatu au nne kwa siku, siku tano au sita. Deni linarundikana kama la kikoba.

Mwongozo unaotumika kwa mtu aliyezamia siku kadhaa mfululizo ni kukaa angalau saa 18 kabla ya ndege. Mimi nasema saa 24, na nazihesabu tangu kichwa kilipotoka majini, siyo tangu mlipotia nanga. Hewa ya ndani ya ndege kubwa inaweza kuwa nyembamba kama ya mlima wa mita 2,400. Halafu usiniambie basi nitapanda basi! Hapa ndipo watu wa kanda yetu tunapojisahau. Tunaishi kando ya maji, tuna mitumbwi, tuna samaki, tunadhani tuko chini. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Dar kwa barabara unapita Dodoma, kama mita 1,100, kisha Singida, kama 1,500. Treni ya umeme ya Dodoma nayo inapanda mlima uleule. Kwa mzamiaji, kurudi nyumbani Mwanza ni kupanda mlima, kwa chombo chochote utakachochagua. Lala Mafia usiku mmoja. Kula pweza. Ondoka Jumapili mchana.

Nayajua haya kwa bega langu la kushoto. Mwaka 2011 nilipata simu kwamba mama anaumwa. Nilikuwa nimezamia asubuhi hiyo, mara ya kumi na tano katika wiki ile, na saa sita baadaye nilikuwa kiti cha dirishani. Maumivu yalianza kabla hatujaanza kushuka, ndani kabisa ya mfupa, mahali ambapo mkono haufiki. Nikasema ni ile mitungi niliyobeba. Nyumbani shangazi akanikanda kwa maji ya moto na mafuta usiku kucha, Mungu amlipe, lakini alikuwa anakanda kitu kisichokandika. Kesho yake vidole vikaanza ganzi. Hospitali niliyokwenda, daktari kijana aliniuliza kama nimeanguka, akaniandikia vidonge vya maumivu. Simlaumu sana, hakuwa ameona mzamiaji maishani mwake. Ni kiongozi wangu wa uzamiaji, kwa simu kutoka Unguja, aliyeniambia nirudi pale niombe oksijeni safi, tena kwa saa nyingi, na niwaambie neno nitrojeni. Nikawekewa. Bega likalegea taratibu, ila hadi leo siku za baridi linanikumbusha. Kwa hiyo wewe unayefanya kazi wodini, siku akija mtu ametoka pwani na ganzi au maumivu ya maungio, muulize alizamia lini. Oksijeni kwanza, halafu mtafute mwenye chumba maalumu cha mgandamizo cha kumtibu. Na kabla hujaondoka, waulize wenye boti chumba hicho kilipo na wana mitungi mingapi ya oksijeni humo.

Sasa siku zinavyokwenda. Kengele inagongwa saa kumi na mbili asubuhi. Unakunywa chai ya rangi na andazi moja, siyo matatu, mnaelezwa mwamba ulivyo na mkondo unakwenda wapi, na saa moja mko majini. Mnatoka, ndipo mnakula hasa. Saa tano tena. Chakula cha mchana, usingizi. Saa tisa tena. Na wenye moyo, saa moja jioni, na tochi. Katikati ya hayo hakuna kazi nyingine, ndiyo maana watu wazima na digrii zao wanagombana juu ya kipande cha keki.

Mimi jikoni nilikuwa na majiko mawili, sinia zenye kingo ili sufuria zisiteleze, na maji baridi ya kuhesabu. Lita elfu mbili kwa watu kumi na wanane, wiki nzima. Kwa hiyo usioge kama uko Bwiru. Jimwagie, zima, jisugue, fungua, maliza. Abiria tuliowapenda walikuwa wale wanaoelewa hilo bila kuambiwa mara ya pili.

Mwezi wa kumi na moja kaskazi inaanza, bahari inatulia kuliko wakati wa kusi. Hata hivyo kati ya Unguja na Pemba kuna maji marefu, na boti itacheza. Dawa ya kichefuchefu imeze kabla, maana ukishaanza kutapika inatoka nayo. Lala katikati ya boti, chini chini, siyo omoni. Ila angalia kwanza njia ya kutokea.

Hapo naomba unisikilize vizuri. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2019, kule California, Marekani, boti ya wazamiaji iliyoitwa Conception iliungua ikiwa imetia nanga. Watu 34 waliokuwa wamelala chini walikufa. Hakukuwa na mtu wa zamu aliyekuwa macho kuzunguka. Sisi wa Mwanza tunaoikumbuka Mei 21 ya 1996, siku MV Bukoba ilipozama, hatuhitaji kufafanuliwa maana ya kuwa chini ya chombo mlango ukiwa mbali. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hujapiga hata picha, muulize nahodha: usiku nani yuko macho? Njia ya pili ya kutoka vyumbani iko wapi? Itambae mwenyewe, macho umefumba, uone kama inafunguka. Betri za kamera na tochi zinachajiwa wapi? Kama jibu ni "popote", mwambie kaka yako adai pesa irudi. Nahodha mzuri hakasiriki kuulizwa. Yule wangu alikuwa anafurahi, alikuwa anasema abiria anayeuliza ndiye atakayeamka.

Na una cheti cha kwanza, kikomo chako ni mita 18. Kuta za Pemba zinashuka mpaka buluu inakuwa nyeusi, na ukiwa kwenye mita 18 utaona wenzako wako chini yako wanapunga mikono. Waache. Nitrojeni kuanzia mita 30 hivi inalevya kama gongo, na mlevi hajui kuwa amelewa. Angalia saa ya mtungi kila dakika chache, panda saa hiyo ikionesha bado una akiba ya hewa ya bar 50, simama dakika tatu kwenye mita tano hata kama huoni sababu. Ukiwa na mafua usizamie, masikio hayatafunguka na boti haina ukumbi wa sinema, utakaa ukumenye vitunguu na mpishi. Si mbaya sana.

Kuzamia usiku, ukiweza, nenda. Chukua tochi umtafute pono kwenye mapango ya mwamba. Mchana anaguguna matumbawe kwa yale meno yake kama mdomo wa kasuku, unamsikia kabisa, na usiku baadhi yao wanajitengenezea mfuko wa ute wanalala ndani kama mtu ndani ya chandarua. Pweza utamwona anabadilika rangi juu ya jiwe mbele yako. Usiguse matumbawe. Yale si mawe, ni wanyama wadogo wanaoishi pamoja na mimea midogo zaidi ndani yao, na bahari ikipata joto kupita kiasi wanaitoa ile mimea wanabaki weupe. Mwaka 1998 pwani yetu ilipigwa vibaya. Kuna sehemu zimepona, kuna sehemu ni kifusi, na kifusi kingine ni cha baruti za wavuvi. Mafia pana nafuu, tangu 1995 ni hifadhi ya bahari, ya kwanza Tanzania. Ghuba ya Chole mtazamia maji yakiwa yanajaa, maana yakipwa yanakuvuta nje kwenye bahari kuu. Na mwezi huo ni msimu wa papa potwe upande wa Kilindoni. Usiogope jina, anakula vidudu vya majini na mayai ya samaki. Mnamwona kwa miwani na mapezi tu, juu juu, bila mtungi. Wa kwanza niliyemwona alikuwa mrefu kuliko boti yetu ndogo ya kushushia watu. Nilipiga kelele ndani ya mrija nikanywa maji ya chumvi.

Mama Mtungi, naomba jibu la ukweli: choo kwenye hizo boti kinakuwaje? — Mwenye aibu, Nyegezi

Kipo, ni kidogo, kinapigwa pampu, na karatasi haitupwi humo bali kwenye ndoo. Mtu wa kwanza anayesahau ndiye anayeziba choo cha wote, na kabla ya chakula cha jioni boti nzima inamjua. Kuhusu ndani ya suti ya kuzamia, wazamiaji wako makundi mawili: wanaokojoa humo na wanaodanganya.

Shikamoo Mama Mtungi. Mimi ni kijana wa Igombe, nazama bila kitu chochote mpaka mita 8 kufungua nyavu zilizonasa. Kuna jamaa ana mtungi wa kuzamia aliununua Dar, tunataka tuujaze kwa kompresa ya gereji tuanze kazi. Kozi naona ni ya watalii. Unasemaje? — Samaki Mtu

Marahaba. Nasema usiuguse huo mtungi.

Pumzi zako ni nzuri, nakuheshimu, lakini unachokijua na unachotaka kukifanya ni vitu viwili. Ukizama bila mtungi, pumzi uliyoibeba kutoka juu ndiyo hiyohiyo unayorudi nayo. Inabanwa ukishuka, inarudi ukubwa wake ukipanda. Ukivuta hewa ya mtungi ukiwa chini, umejaza mapafu kwa hewa iliyobanwa. Sasa ukishtuka, ukafanya kile mwili wako umezoea kufanya miaka yote, yaani kubana pumzi na kukimbilia juu, ile hewa inatanuka. Kutoka mita kumi za ziwa letu inatanuka zaidi ya mara mbili. Mapafu hayana pa kuipeleka, yanachanika. Inaweza kukuua hata kutoka mita chache, na wanaobana pumzi kwa mazoea ni watu kama wewe, siyo mtalii aliyefundishwa wiki iliyopita kwamba pumzi haibanwi kamwe.

Kompresa ya gereji inatengeneza hewa ya matairi. Ina mvuke wa oili, na injini ikiwa karibu inavuta moshi wake yenyewe. Ile sumu ya moshi haina harufu, na kadiri unavyoshuka ndivyo inavyokuwa kali. Halafu mtungi wenyewe, nani aliupima mara ya mwisho? Ukipasuka wakati wa kujazwa hautafuti nani mwenye kosa.

Na hesabu za muda na kina zinazosomwa kwenye majedwali zimetengenezwa kwa ajili ya bahari. Kuanzia mwinuko wa mita 300 hivi lazima zirekebishwe, sisi tuko 1,134. Pwani nimekutana na vijana wa majongoo bahari, umri wako, wanatembea kwa magongo. Walikuwa hodari kuliko wewe. Walishuka na mitungi mara nyingi, hakuna aliyewaeleza habari ya kupanda polepole.

Lakini kazi unayoiwaza ipo, hujakosea. Vizimba vya sato vinaongezeka huku kwetu na nyavu zake lazima zikaguliwe chini. Soma kozi, anza na hiyo unayoiita ya watalii, kisha tafuta ya kazi. Ukifika pwani usishangae ukielea kama kopo. Maji ya chumvi ni mazito kuliko yetu, utaongeza kilo mbili hivi za risasi kiunoni. Na ukirudi huku uzipunguze, la sivyo utasimama kwenye tope la Igombe mpaka magotini. Pitia dukani Kirumba nikuoneshe vifaa. Sikuuzii kitu, labda gesi.

(Jambo jingine, ukienda Dar usijitambulishe kwa watu kuwa wewe ni mzamiaji. Mimi kila nikisema nilikuwa mzamiaji melini, naulizwa nilifika nchi gani na nilijifichaje.)

Mwanangu, mimi ni mvuvi mstaafu, nipo Nansio. Nasoma majibu yako kuhusu matumbawe na samaki wa rangi. Sisi tuna ziwa lenye ukubwa wa nchi. Kwa nini wageni hawaji kulala kwenye boti na kuzamia kwetu? Samaki wetu wana ubaya gani? — Mzee wa Nansio

Shikamoo baba. Nami ni mtoto wa Ukerewe, barua yako nimeisoma mara mbili.

Samaki wetu hawana ubaya. Maji ndiyo yamefunga pazia. Pemba siku nzuri unamwona mwenzako akiwa mita thelathini. Ziwani kwetu, ghuba ya Mwanza, mara nyingi hata mkono wako ulionyooshwa unaanza kupotea. Udongo wa mashambani, maji machafu ya mji, mbolea, vyote vinashuka ziwani, mwani unanawiri, maji yanakuwa kijani. Kuna mamba, unawajua kuliko mimi. Kuna kichocho kwenye matete. Mgeni hatalipa dola aje aone ukungu.

Lakini wewe na mimi tuliyaona mengine. Nilizaliwa 1971. Nikiwa mdogo furu, wale samaki wadogo wa ziwani, tulichota kwa kikapu, bibi akawaanika juu ya mawe, hata paka walichagua. Hatukuwahesabu, nani anahesabu furu? Wataalamu wamekuja kuhesabu baadaye: ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za jamii hiyo. Sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960 alipofika kuongezeka, miaka ya themanini, alizifagia. Wanakadiria aina 200 hivi zilitoweka, pengine zaidi. Sangara alijenga nyumba nyingi, yangu ikiwemo, kwa hiyo simtukani.

Kitu kilichoniuma nilikijua mbali na nyumbani. Mara yangu ya kwanza kushuka na mtungi ilikuwa Misali, Pemba. Nahodha alisema mpishi naye ni binadamu, apewe siku yake. Nikashuka mita nane, na pale kwenye mwamba samaki wadogo wa rangi zote wakatawanyika kama shanga zilizokatika uzi. Abiria wote walikuwa wanashangaa. Mimi nilikuwa nalia ndani ya miwani, na nakwambia kulia ndani ya miwani ni usumbufu, huwezi kujifuta. Nilikuwa nawajua wale. Si wale wenyewe, lakini namna ile ya kukaa kwenye mawe, dume moja na himaya yake, kumfukuza jirani. Ni furu wetu wa mawe. Tofauti ni kwamba wale wa Pemba walikuwa wanaonekana.

Na kuonekana kwenyewe ndiko kunakowaweka hai. Utafiti uliochapishwa 1997 ulieleza hivi: majike ya furu huchagua dume kwa rangi. Maji yakichafuka hawatofautishi mwekundu na wa buluu, wanachanganyika, na aina mbili zinageuka moja ya kijivujivu. Yaani bila kuvuliwa na bila kuliwa na sangara, samaki anapotea kwa kukosa mwanga.

Waliobaki wapo, baba. Kwenye visiwa vya mawe vilivyo mbali na midomo ya mito, maji yana nafuu. Kuna mmoja dume lake lina mgongo mwekundu kama kitambaa kilichochovywa pilipili, ubavu wa njano wenye milia myeusi, na wanasayansi wamemwita Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. Samaki mwenye jina la Baba wa Taifa yuko kwenye mawe yetu, na watoto wa Nansio hawamjui. Mimi nimemwona mara mbili, kwa miwani ya maji na mrija tu, upande usio na matete, na mtu mtumbwini anaangalia mamba. Baadaye nilikwenda kupima kichocho nikameza praziquantel, ndivyo ninavyofanya kila nikiingia ziwani.

Boti ya kulala hatutaipata. Lakini una mtumbwi, na unajua mawe yalipo kuliko ramani yoyote. Mwezi wa saba, ziwa likitulia asubuhi, nitavuka kwa kivuko cha kwanza. Nina miwani miwili. Mwambie mjukuu mmoja asiyeogopa maji asiende shule siku hiyo.